Wakisema tufunge mkanda: jinsi ya kujua ni mkanda wa nani, na la kufanya kabla Juni haijaisha

Mimi nina kasaiba kadogo Magongo, hapa Mombasa, Kenya, kompyuta nne na printa moja yenye kiburi. Kazi yangu ni kujazia watu iTax, ule mtandao wa ushuru wa serikali, kuchapa barua za kuomba kazi, kulamineti vitambulisho. Sasa kila mwaka mwezi wa tano na wa sita naona wateja wanabadilika, wanaingia wamenuna, huyu ataka kujua mbona payslip imepungua, mwengine ni bi mkubwa wa mahamri anauliza mafuta ya kupikia yatapanda tena ama ni maneno ya redio tu. Na wote wameambiwa kitu kimoja, nchi iko na shida ya pesa, kila mtu afunge mkanda. Wiki hiyohiyo utasikia kampuni fulani kubwa imepewa mabilioni isife.

Hapo ndo watu hushindwa, wanajua wameonewa lakini hawajui waanzie wapi kusema. Nimesoma pdf za bajeti nyingi kuliko mtu yeyote anayeuza fotokopi ya shilingi tano, kwa hivyo wacha niwaonyeshe ninavyofanya. Si mwanauchumi mimi, nilisoma mpaka foro nikaingia bandarini kibarua, haya nimejifunza kwa kukaa na makaratasi.

Kwanza jua hawatumii jina lake

Hutapata mahali pameandikwa "tunaokoa tajiri". Utaona mkopo kwa shirika, kuongeza mtaji, kupanga madeni upya, deni kugeuzwa hisa, msamaha wa ushuru, dhamana. Upande wetu sisi nako maneno ni laini vilevile, kubana matumizi, kupanua wigo wa ushuru, kuondoa ruzuku. Ukishayajua haya maneno nusu ya kazi umemaliza, manake utaacha kusikiliza hotuba na utaanza kutafuta maneno.

Dhamana ndo ya kuogopa kuliko zote sababu siku inapowekwa haina harufu. Ni kama wewe kumwekea shemeji yako sahihi kwenye sacco, siku ya sahihi hutoi hata ndururu, mnakula pilau, anakuita kaka. Shemeji akikwama ndo unaona makato kwenye mshahara wako wewe. Sasa Kenya Airways ilikuwa hivyo. Serikali iliiwekea dhamana deni la dola milioni 750, alafu mwaka 2017 madeni yakapangwa upya, serikali ikageuza mikopo yake kuwa hisa ikafika asilimia 48.9, mabenki ya hapa nayo yakapewa 38.1 badala ya pesa walizokuwa wanadai. Wenye hisa ndogondogo, wale walimu na makarani walionunua wakidhani wanawekea watoto, sehemu yao ikawa kama chumvi kwenye bahari. Baadae ikaja korona ndege zikalala chini, na mzigo wa lile deni lenye dhamana ukaishia Hazina Kuu, yaani kwangu na kwako na kwa bi mkubwa wa mahamri ambaye hajapanda ndege hata ya kwenda Lamu. Kwa mwaka 2024 shirika likatangaza faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, mimi pia nilifurahi jamani, ni ndege yetu. Lakini wakati wa hasara tulikuwa wote na wakati wa faida sijaona mtu akimpunguzia bi mkubwa bei ya unga.

Kwa hivyo fanya hivi. Kifungu cha 213 cha Katiba kinasema ndani ya miezi miwili baada ya mwaka wa fedha kuisha serikali kuu ichapishe ripoti ya dhamana ilizotoa mwaka huo. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni, kwa hivyo kufika mwisho wa Agosti hiyo ripoti iwe nje. Ingia tovuti ya Hazina uitafute. Ukiipata usianze ukurasa wa kwanza, utalala, tafuta jina la kampuni kwa ile sehemu ya kutafutia maneno, hata kwa simu inafanyika. Vitabu viko kwa Kizungu lakini majina ya makampuni na tarakimu hazina lugha.

Alafu jua tarehe zao

Watu wengi wanaamka siku Waziri anabeba mkoba kwenda Bungeni mwezi wa sita, siku hiyo chakula kishaiva wewe ndo waleta kuni. Kule mbele kuna 15 Februari, ndo mwisho wa Hazina kupeleka Bungeni taarifa ya sera ya bajeti, hapo ndo wanaamua ni sekta gani itapata ngapi na gani itanyimwa. Serikali ya kaunti nayo yake mwisho 28 Februari, na hapa kwetu hiyo inapita kimya kabisa, watu wako shughuli nyingine. Kisha 30 Aprili makadirio ya matumizi na Mswada wa Fedha viwe vimefika Bungeni. Mwezi wa tano ndo mwezi wako wa kuandika. Julai mosi unaanza kukatwa.

Lakini mlango wanaopitishia pesa za kuokoa wakubwa mara nyingi ni wa nyuma, bajeti ya nyongeza. Kifungu cha 223 kinaruhusu serikali itumie pesa ambazo Bunge halijapitisha, alafu ije kuomba ruhusa ndani ya miezi miwili tangu pesa ya kwanza ilipotolewa, na isizidi asilimia 10 ya zile zilizopitishwa mwaka huo. Kiliwekwa kwa dharura, na kusema kweli dharura zipo, mafuriko, njaa. Ila asilimia kumi ya bajeti ya taifa ni pesa ambayo ukiitaja barazani mtu anamwaga kahawa. Ukisikia bajeti ya nyongeza hata kama ni mwezi wa kwanza na umechoka na karo za shule, hiyo isome. Tafuta vitu viwili tu, nani ameongezwa na nani amepunguzwa. Utakuta dawa za hospitali zimepunguzwa kidogo, miradi ya maji kidogo, na kuna mstari mmoja umenona.

Maswali ya kuuliza ukishaupata mstari ulionona

Sisemi kila kuokoa ni wizi. Benki ikianguka ghafla pesa za chama chenu ziko mle ndani, na bima ya amana inakulinda mpaka shilingi 500,000 tu, kinachozidi hapo unangoja benki ifilisiwe na huko kungoja ni kwa miaka. Bandari ikisimama Mombasa yote inalala njaa. Kuna wakati lazima uokoe. Mimi nauliza imeokolewa kwa masharti gani, na bili amepewa nani.

Nauliza nani alikuwa anadai. Hili swali ndo linafungua kila kitu. Ugiriki mwaka 2010 ilipewa mkopo wa yuro bilioni 110 na dunia nzima ikasema Wagiriki wameokolewa, kumbe sehemu kubwa ya pesa ilizunguka ikarudi kwa waliokuwa wanaidai Ugiriki, mabenki ya Ufaransa na Ujerumani yakiwemo. Mgiriki wa kawaida alichopata yeye ni mshahara wa chini kukatwa asilimia 22 mwaka 2012, na vijana chini ya miaka 25 asilimia 32. Sasa hapo nani aliokolewa?

Nauliza wenye kampuni wamepoteza nini kwanza. Duka lako likianguka Kongowea wewe ndo wa kwanza kulala njaa, hivyo ndo biashara. Marekani mwaka 2009 ile kampuni ya bima ya AIG, baada ya kuokolewa na pesa za umma, ikalipa bonasi za dola milioni 165, tena baadhi kwa watu wa kitengo kilekile kilichoiangusha. Kwetu hapa uliza tu, wakurugenzi wametoka? mishahara ya juu imekatwa? ama aliyekatwa ni dereva na mfagiaji?

Na nauliza nani alikaa mezani. Mfano wangu mimi huwa ni Ireland, nausimulia mpaka wateja wananikimbia. Usiku wa 29 Septemba 2008 serikali yao ilikaa na wakubwa wa mabenki, kufika asubuhi imeshaweka dhamana kwa madeni ya mabenki makubwa ya nchi. Usiku mmoja. Kuyaokoa yale mabenki kukaja kugharimu kama yuro bilioni 64, nchi ya watu wasiofika milioni tano. Novemba 2010 wakapiga magoti kwa IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, na Ulaya, fungu la yuro bilioni 85 likatangazwa, na mapema mwaka 2011 mshahara wa chini ukashushwa kutoka yuro 8.65 kwa saa mpaka 7.65, mpaka serikali mpya ikaja kuurudisha mwaka huohuo. Mfagiaji wa Dublin hakuwa kwenye kile chumba usiku ule. Jirani yao Iceland, mabenki yake matatu makubwa yalianguka Oktoba 2008, yalikuwa makubwa kuliko nchi yenyewe, serikali isingeyaweza hata ingetaka. Ilipofika kulipa wenye akiba wa Uingereza na Uholanzi wananchi wakapigishwa kura mara mbili, 2010 na 2011, mara zote wakakataa, na baadhi ya wakubwa wa benki wakafungwa jela. Nao waliteseka, pesa yao ilishuka vibaya, nisije nikaonekana nawauzia pepo. Ila waliulizwa.

Sisi tunakumbuka ya kwetu. Aprili 2020 Mombasa ilifungwa kwa ajili ya korona, hakuna kuingia hakuna kutoka, mwezi wa tano wakafunga Mji wa Kale wenyewe ndani ya mji uliofungwa. Ikatangazwa 23 Mei mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuinua uchumi, ndani yake mikopo nafuu ya mahoteli yajikarabati, na vijana wakapewa Kazi Mtaani wakafagia mitaro. Sikatai, mahoteli ni kazi za watu wetu. Lakini mama anayesuka watalii nywele pale bichi angeombaje mkopo, ana barua gani ya kampuni, dhamana yake ni kitana? VAT, ule ushuru unaolipa ukinunua vitu, iliyokuwa imeshushwa hadi asilimia 14 ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021, bichi bado tupu.

Geuza bilioni iwe jikoni

Hapa usiruke. Ukimwambia mtu bilioni hasikii kitu, bilioni ni sauti tu. Mwambie ya kwake. Ushuru wa nyumba, ule wa kujenga nyumba za bei nafuu, ni asilimia 1.5 ya mshahara, aliyeajiriwa kwa 20,000 anatoa 300 kila mwezi, kwa mwaka 3,600, hiyo ni karibu karo ya mtoto wa nasari mtaani kwetu kwa muhula. VAT ya petroli ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Mwaka uliofuata Julai tozo ya barabara ikatoka shilingi 18 kwa lita ikawa 25. Chukua dereva wa tuktuk anayemaliza lita saba kwa siku, hizo shilingi saba za juu ni 49 kila siku, akifanya kazi siku 26 ni 1,274 kwa mwezi, kwa tozo hiyo peke yake. Atazitoa wapi? Atakuongeza wewe nauli ama atarudi nyumbani bila nyama. Na haya mafuta yanashukia hapa hapa Kilindini tunayaona yakishuka, afadhali yetu ni shilingi chache tu chini ya Nairobi.

Fanya hesabu ya mtu mmoja unayemjua, na umuombe ruhusa kwanza. Mimi nilifanya ya shangazi yangu bila kumwambia nikaisoma mbele za watu, mpaka leo akinipikia ananikumbusha ni mafuta ya bei gani.

Kuandika barua ya maoni

Bunge likitangaza linataka maoni kuhusu Mswada wa Fedha hutoa anwani, baruapepe na siku ya mwisho, usingoje siku ya mwisho manake mtandao wao hiyo siku ni kama foleni ya feri ya Likoni. Barua inakwenda kwa Karani wa Bunge la Taifa. Ukurasa mmoja, zikizidi sana mbili. Watu wanakuja kwangu na kurasa tisa za hasira, naelewa, lakini kurasa tisa hazisomwi. Taja kifungu cha mswada kwa nambari, sema unataka kifutwe ama kibadilishwe kiwe vipi, weka hesabu yako, alafu onyesha pesa watazipata wapi kwengine. Hilo la mwisho ndo watu husahau na ndo linawanyima jibu rahisi la "sasa tutoe wapi". Mimi huwachapia watu hivi:

"Mimi mkazi wa Changamwe napinga kifungu cha (nambari) kinachoongeza ushuru wa (kitu). Kwa dereva wa tuktuk anayetumia lita saba kwa siku, nyongeza hii ni shilingi (kiasi) kwa mwezi. Katika bajeti hiyohiyo, ukurasa wa (nambari), kampuni ya (jina) imetengewa shilingi (kiasi) bila masharti kuelezwa. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Naomba kifungu hiki kifutwe, na pesa za kampuni hiyo zisitolewe mpaka masharti, mpango wa kulipa na majina ya wanaoidai yawekwe wazi."

Basi, usiongeze matusi. Kile kifungu cha 201 kisome chote siku moja, kuna mahali kinasema hata mzigo wa madeni ugawanywe kwa haki kati yetu na vizazi vijavyo. Na ukiweza wakusanye kumi mtie sahihi wote, chama cha akina mama, steji ya boda, watu wa msikiti ama kanisa, barua ya watu kumi inasomwa na jicho lingine.

Kikao cha kuzungumza

Fika mapema ujiandikishe kama mzungumzaji, kuna karatasi inazungushwa na ikijaa imejaa. Utapewa dakika tatu, pengine mbili. Mara yangu ya kwanza nilikuja na Ireland yangu yote, nikaanza 2008 nikaenda mpaka IMF, nilipofika kusema ninachotaka maiki ikachukuliwa akapewa mzee aliyeshukuru kwa soda. Sasa naanza na ombi, hesabu inafuata, hadithi ikipata nafasi ni bahati. Zungumza Kiswahili, ni lugha ya taifa na lugha rasmi, mtu asikutishe na istilahi za Kizungu, na kama hati waliyogawa ni ya Kizungu tupu omba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba uliomba ya Kiswahili hukupata. Kabla ya kutoka muulize karani kumbukumbu zitatoka lini na utazipata wapi.

Wakikunyamazia

Kuna haki ya kupata habari, kifungu cha 35 na sheria yake ya 2016. Andika barua kwa ofisi yenyewe, uliza swali moja lenye jibu, kwa mfano "kampuni hii imelipa kiasi gani cha mkopo wa serikali kufikia tarehe fulani", kuleta ombi hakuna ada, na wana siku 21 za kujibu. Wakikataa ama wakinyamaza unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wakati unangoja soma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, hizo zinaonyesha pesa zilivyotumika kweli, zinachelewa lakini zinauma. Na kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, si la mwezi wa bajeti peke yake.

Kama inasaidia ama haisaidii, 2024 mswada ulikuja na VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 kwa magari. Barua zilikwenda nyingi, barabarani watu wakajaa mpaka hapa kwetu, tarehe 18 Juni hivyo viwili vikaondolewa, na 26 Juni, siku moja baada ya watu kuuawa kwa risasi, Rais akakataa kutia sahihi mswada wote. Siwezi kukwambia barua ilifanya kiasi gani na barabara kiasi gani. Waliokufa hawakupaswa kufa kwa ajili ya bei ya mkate.

Ukipeleka barua kwa mkono chukua nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, hiyo rudi nayo iweke kwenye faili usiikunje mfukoni na jasho la Mombasa hili. Kopi kwangu ni shilingi tano, za barua za maoni mwezi wa tano sichaji, ila karatasi uje nazo mwenyewe manake rimu nayo imepanda.